Gharama na maisha ya kila siku ya wanafunzi wa Malaysia nchini Australia: niliyoyaona katika nyumba moja ya Clayton

MLETA MADA

Ndugu wanajukwaa,

Kuanzia Februari 2022 hadi Desemba 2024 niliishi Clayton, kitongoji cha kusini-mashariki mwa Melbourne kilicho jirani na kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Monash, katika nyumba ya vyumba vitano. Mimi nilikuwa Mtanzania pekee. Wenzangu wanne walitoka Malaysia. Mmoja alikuwa Mmalei wa Kelantan aliyesomeshwa na mfuko wa umma wa kwao, wa pili Mchina wa Penang aliyelipiwa na wazazi wenye duka, wa tatu Mtamili wa Ipoh aliyeanzia shahada yake katika tawi la Monash lililoko Bandar Sunway, Malaysia, na kuja kuimalizia Melbourne, na wa nne kijana wa Kuching, Sarawak, ambaye wazazi wake waliuza kipande cha ardhi ili aondoke.

Naandika kwa sababu swali la gharama za kusoma Australia hujibiwa kwa tarakimu moja iliyonakiliwa kwenye masharti ya viza, na tarakimu hiyo haimwambii mtu wiki yake ya nne itakuwaje. Wanafunzi wa Malaysia ndio ninaowafahamu kwa karibu, na ndio wenye uzoefu mrefu wa safari hii: tangu Mpango wa Colombo ulipoanza kupeleka vijana wa Asia katika vyuo vya Australia mwaka 1951, familia nyingi za Malaysia zina mjomba au shangazi aliyepita Melbourne, Adelaide au Perth. Hata hivyo, niliona wanne hawa wakifika na mategemeo yaliyopishana sana na hali halisi. Waliopata shida zaidi hawakuwa waliotoka katika familia maskini kuliko wengine. Walikuwa wale waliouhesabu mshahara wa kibarua kabla hawajaupata.

Nianze na hesabu ya kuzidisha kwa tatu, kwa maana ndiyo iliyotawala mazungumzo ya miezi ya mwanzo. Katika miaka yetu dola moja ya Australia ilikuwa ikicheza karibu na ringgit 3, ndiyo fedha ya Malaysia, kwa hiyo kila bei dukani ilizidishwa papo hapo. Kikombe cha kahawa cha dola 5 kilikuwa ringgit 15, na kwa ringgit 15 mtu wa Ipoh anapata kiamshakinywa cha siku mbili. Yule wa Kelantan alikuwa akirudisha vitu kwenye rafu baada ya kuzidisha, na wiki ya kwanza alikula mkate na mayai tu. Mazoea hayo humlinda mtu asipoteze fedha ovyo, lakini humdhuru anapoacha kununua koti la baridi mwezi Mei au anapokataa kwenda kwa daktari ilhali bima yake imekwisha kulipwa. Ilitubidi tumweleze kwamba fedha zilizokwisha kuvuka bahari zihesabiwe kwa dola, na kwamba kuzidisha kwa tatu ni kazi ya kufanywa mara moja tu, nyumbani, kabla ya kuondoka.

Sasa masharti yenyewe. Mwombaji wa viza ya mwanafunzi, ile ya daraja la 500, hutakiwa kuonyesha kwamba ana uwezo wa kuishi mwaka mmoja. Kiwango kwa mtu mmoja kilipandishwa hadi dola 24,505 tarehe 1 Oktoba 2023, kisha dola 29,710 tarehe 10 Mei 2024. Ada ya maombi ya viza nayo ilikuwa dola 710, ikawa 1,600 Julai 2024, kisha 2,000 Julai 2025. Hapo hujagusa ada ya masomo, nauli, wala bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni ambayo ni ya lazima na hulipwa mapema kwa muda wote wa viza. Nawaomba mzingatie kwamba fedha za viza ni fedha za kuonyesha, na kwamba kuna familia ambazo hukusanya kiasi hicho kwa kukopa kwa ndugu, viza ikitoka wanarudisha. Mwanafunzi anapanda ndege akiwa na sehemu ndogo tu ya kile alichokionyesha, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Kwa sababu wiki nne za kwanza hula fedha kuliko miezi mitatu inayofuata. Amana ya nyumba kwa kawaida ni sawa na kodi ya wiki nne. Unaongeza kodi ya mwanzo inayolipwa kabla, godoro, blanketi, vyombo, laini ya simu, na malazi ya muda wakati unatafuta chumba. Chumba changu kilikuwa dola 210 kwa wiki, kwa hiyo kabla sijanunua hata kijiko nilikuwa nimetoa zaidi ya dola 1,200. Katika jimbo la Victoria, ambamo Melbourne imo, amana rasmi haipaswi kukaa mfukoni mwa mwenye nyumba. Huwekwa katika mamlaka maalumu ya serikali inayotunza amana za wapangaji, na mpangaji hupewa stakabadhi. Kijana wa Kuching alimlipa mtu aliyemtangazia chumba mtandaoni, bila stakabadhi na bila mkataba, akiwa bado yuko kwao. Alipofika, anwani ile ilikuwa na familia nyingine isiyojua lolote. Alilala kwetu sebuleni kwa siku tisa, na hivyo ndivyo alivyokuja kuwa mwenzetu wa chumba cha tano.

Baada ya hapo maisha yana utaratibu, na utaratibu wetu ulikuwa jikoni. Hapa naomba niende polepole, kwa kuwa ndipo tulipookoa fedha nyingi na ndipo nilipowapenda watu hawa.

Tulipika kwa zamu, kila mmoja jioni moja kati ya Jumatatu na Ijumaa, na kila mmoja akachangia dola 60 kwa wiki kwenye mfuko wa chakula. Mmalei hakula nyama isiyo halali, Mtamili hakula ng'ombe, na Mchina alipenda nguruwe lakini kwa hiari yake mwenyewe akaweka kikaango chake kando na kukitumia wikiendi tu. Kwa hiyo sufuria ya pamoja ilikuwa ya kuku, samaki, mayai na mboga. Kuku tulimnunua kwa mchinjaji wa halali, mchele wa magunia na mboga za Kiasia tulivifuata Springvale, vituo viwili kwa treni kutoka Clayton, kwenye soko la Wavietnamu na Wakambodia ambako majani ya pandani, tui la kopo, dagaa wakavu na pilipili vilikuwa rahisi kuliko katika maduka makubwa. Jumapili yule wa Kelantan alipika nasi lemak, yaani wali wa nazi wenye dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na rojo ya pilipili, nami nilipouonja mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda, kwa sababu wali ule ulikuwa wali wa nazi wa nyumbani kwetu Tanga, umebadilishiwa kitoweo tu. Tangu hapo zamu yangu ya Alhamisi haikuwa na mashaka.

Jedwali langu la mwaka 2023, ambalo bado ninalo, linasema hivi kwa mtu mmoja: kodi dola 10,920, chakula, tukijumlisha na vitafunwa vya nje, karibu dola 3,400, umeme, gesi na intaneti dola 1,040, usafiri dola 1,300, simu dola 300, nguo, vifaa vya masomo na mengineyo dola 1,500. Jumla ni karibu dola 18,500, sawa na ringgit 55,000 na ushei. Kiasi hicho ni kidogo kuliko kinachotakiwa na viza, lakini kiliwezekana kwa sababu tulikuwa watano, tuliishi umbali wa kutembea hadi darasani, na hatukula mgahawani. Rafiki wa yule wa Penang aliyepanga chumba cha peke yake katika jengo la wanafunzi katikati ya jiji alilipa dola 450 kwa wiki, ambayo kwa mwaka ni dola 23,400 kabla hajala chochote.

Majira ya baridi ndiyo ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeyawekea fungu. Mtu wa Malaysia hajui hita ni nini, na nyumba nyingi za zamani za Melbourne hupitisha baridi kwenye madirisha na sakafu. Juni hadi Agosti ya kwanza kila mmoja aliwasha hita yake ya umeme chumbani, na bili ya miezi mitatu ilipokuja tuliitazama mezani bila kusema neno. Mwaka uliofuata tulikubaliana kuwasha hita moja tu, ya sebuleni, na wote watano tukasomea hapo hadi saa nne usiku. Bili ilishuka, na kwa kweli hata alama za mitihani zilipanda.

Kuhusu kazi, wengi mnajua habari ya saa 48. Wakati wa uhaba wa wafanyakazi baada ya korona, serikali iliondoa kwa muda ukomo wa saa za kazi kwa wanafunzi wa kigeni; kuanzia tarehe 1 Julai 2023 ukomo ukarudi, nao ni saa 48 kwa kila wiki mbili wakati wa masomo. Kijana wa Kuching alikuwa amezoea kufanya kazi saa 35 na zaidi kila wiki katika jiko la mgahawa mmoja, na bajeti yake yote, pamoja na sehemu ya ada, ilisimama juu ya saa hizo. Julai ile kipato chake kilipungua kwa karibu theluthi moja kwa siku moja, huku muhula wa pili ukiwa unaanza na ada ikidaiwa. Alifeli masomo mawili mwaka ule, na kurudia somo kwa mwanafunzi wa kigeni ni kulilipia upya kwa bei kamili. Nimeona kwa macho yangu mshahara ukigharimu kuliko ulivyolipa.

Naomba michango, hasa kutoka kwa waliopita miji mingine.

MCHANGIAJI WA 2

Asante kwa uzi uliotulia, ndugu. Nami nikuongezee jambo moja ambalo pengine hukuliona ukiwa Australia. Nilisoma Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu Malaysia, kampasi ya Gombak, ambako Waafrika Mashariki tulikuwa wengi kiasi. Kule kwao watu hawapiki sana. Mwanafunzi hutoka bwenini akaenda kwa mamak, yaani kibanda cha Wahindi Waislamu kinachokesha, akala roti canai, aina ya chapati, na mchuzi wa dengu na kunywa teh tarik, ile chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu, na bado ringgit 5 zikamtosha. Wali na mboga mbili mchana ni ringgit chache tu. Kwa hiyo kijana wa Malaysia huweza kufika miaka ishirini bila kujua kukaanga kitunguu, si kwa uvivu bali kwa sababu kula nje kwao ni nafuu kama kupika. Akifika Melbourne, sahani hiyohiyo ya nasi lemak inauzwa zaidi ya dola 15. Pigo lake la kwanza liko hapo, naye hana silaha ya jikoni.

MLETA MADA

Umenifungua macho, ndugu yangu. Mchina wa Penang kweli alifika hajui kupima maji ya wali, na mama yake alimfungia sufuria ya umeme ya wali kwenye begi akidhani ndiyo dawa. Plagi za Malaysia ni zile za pini tatu za Kiingereza kama zetu Tanzania, za Australia ni za pini bapa zilizoinama, kwa hiyo sufuria ilikaa wiki nzima ikisubiri adapta. Sote tulimfundisha kupika, na kufikia mwaka wa pili kari yake ya kuku ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa nyumbani.

Jambo linalohusiana na hilo: msibebe chakula bila kukitaja kwenye fomu ya kuingilia nchini. Mama wa yule wa Kelantan alimpa serunding, nyama ya ng'ombe iliyochambuliwa na kukaushwa kwa viungo. Aliitaja, ikachukuliwa, akaruhusiwa kupita bila faini. Angeificha, angeweza kutozwa fedha zinazozidi kodi ya wiki kadhaa.

MCHANGIAJI WA 3

Mleta mada, nakuheshimu, lakini katika suala la kazi umekuwa mkali mno. Nina mdogo wangu Sydney anayejitegemea kwa kibarua, na anao marafiki wa Malaysia wanaofanya hivyohivyo. Si kila mzazi ana duka Penang. Ukiwaambia vijana wasitegemee mshahara, unawaambia watoto wa wakulima wabaki nyumbani.

MLETA MADA

Neno lako lina uzito na sitalipita juu juu. Tazama tarakimu zenyewe: Julai 2025 kima cha chini cha taifa nchini Australia kilipanda hadi dola 24.95 kwa saa, na mfanyakazi asiye wa kudumu huongezewa asilimia 25, yaani takriban dola 31. Mwanafunzi akifanya saa 24 kwa wiki hupata karibu dola 750 kabla ya kukatwa kodi ya mapato. Kima cha chini Malaysia tangu Februari 2025 ni ringgit 1,700 kwa mwezi mzima. Wiki moja ya kuosha vyombo Melbourne inazidi mwezi mmoja wa kazi Kuala Lumpur, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kumlaumu kijana kwa kuvutwa na hesabu hiyo. Mimi mwenyewe nilifanya kazi ya ghala.

Ninachosema ni kuhusu mpangilio wa wakati. Kibarua cha kwanza huchukua wiki nyingi kupatikana. Wanaokupa kazi siku ya pili baada ya kufika, mara nyingi ni wale wanaolipa taslimu chini ya kima cha chini, na inauma zaidi kwamba baadhi yao ni wenyeji wa nchi yako, wanaokusemesha kwa lugha ya mama yako na kukuita mdogo wao. Yule wa Kuching alianzia kwa dola 14 kwa saa katika mgahawa wa namna hiyo na hakulalamika kwa kuwa alihofia viza yake. Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali inayosimamia haki za kazi, hupokea malalamiko ya wanafunzi wa kigeni kama ya mfanyakazi mwingine yeyote, lakini yeye alilijua hilo baada ya mwaka. Mtoto wa mkulima ndiye hasa anayehitaji akiba ya miezi sita mkononi, ili apate nguvu ya kukataa dola 14. Akikosa akiba hiyo, ni heri aahirishe muhula mmoja akaikusanye kwao. Nalisema hili nikiwa nimemwona kijana mmoja akilia bafuni, maji ya bomba yakiwa wazi ili tusimsikie.

Kwa anayeanza kazi: chukua namba ya mlipakodi kwanza, dai hati ya malipo kila mara, na ufuatilie mchango wa pensheni ambao mwajiri huulipa juu ya mshahara, sasa asilimia 12. Ukiondoka nchini kwa kudumu unaweza kuuomba, ingawa sehemu kubwa, asilimia 35, hukatwa kodi.

MCHANGIAJI WA 4

Naomba kuuliza kuhusu Perth na Brisbane. Nasikia ni nafuu kuliko Melbourne na Sydney. Pia, Waislamu wanafanyaje Ramadhani?

MLETA MADA

Perth ina mvuto wake kwa Wamalaysia: saa zake ni sawa na za Kuala Lumpur mwaka mzima, ndege hutumia takriban saa tano na nusu, na Chuo Kikuu cha Curtin chenye tawi Miri, Sarawak, kiko huko. Mama anaweza kumpigia mwanawe simu jioni bila kuhesabu tofauti ya saa, jambo ambalo halina bei. Kodi za Perth, hata hivyo, zimepanda kwa kasi katika miaka ya karibuni, kwa hiyo habari za unafuu wake ni za zamani. Brisbane ina faida moja iliyo wazi: tangu Agosti 2024 nauli ya treni, basi na feri za umma Queensland, jimbo lenye Brisbane, ni senti 50, bila kujali umetoka nchi gani. Mwanafunzi wa huko anaweza kupanga mbali na chuo, kodi ikapungua, na nauli isimmalize.

Ramadhani ya 2024 iliangukia katikati ya muhula, na Hari Raya, ndiyo Idi yao, ilikuwa Jumatano ya tarehe 10 Aprili. Yule wa Kelantan aliswali asubuhi, akaingia darasani saa tano, akarudi jioni. Wachina walio wengi huwa na bahati zaidi, kwa sababu Mwaka Mpya wao huangukia Januari au Februari wakati vyuo vimefungwa, wakaweza kwenda kwao. Siku ile ya Idi sisi wanne tulipika kuanzia alasiri: rendang ya kuku, yaani kitoweo cha nazi na viungo, maandazi yangu, tambi za Penang, na wali wa kubanwa uliokatwa vipande. Yule wa Kelantan alipofungua mlango alisimama hapo muda mrefu na viatu vyake mkononi. Kisha akampigia mama yake kwa video akamwonyesha meza, na mama akatusalimu mmoja mmoja, "Apa khabar?", nami nikamjibu "Njema", maana neno nimelielewa bila kufundishwa.

MCHANGIAJI WA 5

Swali la mwisho kutoka kwangu: matibabu, na mtu afike lini?

MLETA MADA

Bima ya wanafunzi hugharimia daktari wa kawaida na hospitali, ila ile ya msingi haigusi meno wala miwani. Wenzangu wote walikuwa wakingoja likizo ya Novemba hadi Februari ili wakang'oe na kuziba meno kwao, ambako nauli ukiijumlisha bado ilikuwa nafuu. Fanya hayo yote kabla ya kuondoka.

Muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Fika wiki tatu kabla, lala mahali pa muda, na usilipie chumba ambacho hujakiona kwa macho na kugusa ufunguo wake. Wanaohitimu huhama Desemba na Januari, nao huacha vitanda, meza na sufuria kwa bei ya kutupa au bure kabisa. Kitanda nilicholalia miaka mitatu nilikipata hivyo, na nilipoondoka nilimwachia mwanafunzi wa kwanza kutoka Johor aliyeuliza.